Vidole vya Mzee Salehe

Vijana mnaokuja kwangu hapa Same na magitaa yenu mgongoni, karibu wote mna swali moja: mzee, ulifanyaje mpaka ukaacha kuogopa jukwaani? Nikiwajibu ukweli naona nyuso zinawashuka. Sikuacha. Nimepiga gitaa miaka thelathini kasoro, kwenye kumbi, baa, viwanja vya mpira na studio, na sikumbuki hata onyesho moja ambalo nilipanda jukwaani tumbo likiwa limetulia. Wenzangu walikuwa wanakula pilau kabla ya kuanza, mimi nauliza choo kiko upande gani. Dereva wa basi letu alikuwa akinitania kwamba naijua ramani ya vyoo vya nchi hii kuliko mtu yeyote serikalini.

Kwa hiyo anayetafuta dawa ya hofu kwangu hataipata. Ninachoweza kuwaeleza ni namna ya kufanya kazi ukiwa nayo, na pia habari ya siku moja ambayo hofu hiyo ilinifanya nimdhulumu mtu aliyenitendea wema kuliko wote katika kazi hii. Mtu huyo ni Mzee Salehe, mpiga solo wa bendi yetu. Ametangulia mbele ya haki. Bendi sitaitaja jina, kwa sababu wengi wa wenzangu bado wako hai na wana wajukuu.

Mimi nilizaliwa Vudee, huko juu milimani, na gitaa nilijifunzia kwaya. Dada yangu mkubwa, Nakijwa, alikuwa anaimba sauti ya kwanza na ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, ingawa hajawahi kushika gitaa. Alisimama nyuma yangu, na kila nilipokimbia mapigo alinipiga kofi la mgongo. Nilikuwa nakimbia kila nilipoogopa. Naogopa, nakimbia, napigwa kofi, naogopa zaidi. Hivyo ndivyo nilivyosoma muziki.

Huko kwaya ndiko nilikojifunza pia jambo ambalo hadi leo nawaambia na hamsikii: gitaa linasikia baridi na joto kama mtu. Ukilisawazisha Vudee asubuhi kuna ukungu, ukashuka nalo hadi Same kwenye jua na upepo huu wa vumbi, ukifika nyuzi zimelegea na kila kitu kimeshuka sauti. Fika ukumbini mapema. Toa gitaa kwenye mfuko, liache lipumzike saa nzima, ndipo ulisawazishe. Tulikuwa tunachemsha hata nyuzi zilizochoka, unazitia kwenye sufuria ya maji yanayotokota, unazikausha, zinarudi kulia kwa siku mbili tatu. Siku hizi mnanunua mpya. Sawa, lakini ipo siku utakuwa mahali pasipo na duka.

Nilipokwenda Dar es Salaam nilianza kwa kupiga deiwaka. Deiwaka ni mwanamuziki asiye na bendi, anaitwa kuziba pengo: mpiga rithimu wao anaumwa, au kasafiri, au kagombana na kiongozi, basi unaitwa wewe. Unapewa nyimbo kumi na tano za kujua kabla ya kesho. Kazi hiyo ina adabu moja kubwa, nayo ni kutopiga kuliko mwenye nyumba. Umeitwa kuziba, ziba. Usitie madoido. Tazama bega la mwimbaji, kwa sababu bega linainuka kabla ya sauti kutoka, na sikiliza besi kuliko unavyojisikiliza mwenyewe. Niliishi hivyo miaka mitano, kila asubuhi nikiwaza kama kuna atakayenihitaji.

Siku moja niliitwa na bendi ile kubwa kwenda kurekodi. Ninyi leo mnarekodi chumbani kwenu, ukikosea sehemu moja unairudia hiyo hiyo, kompyuta inaunganisha. Sisi tulirekodi wote kwa pamoja, watu kumi ndani ya chumba kimoja, na akikosea mmoja mnarudi mwanzo wote. Ulikuwa wimbo mrefu. Tuliurudia mara tatu, kila mara kwa kosa la mtu mwingine. Mara ya nne mwimbaji aliimba vizuri hadi mwili ulinisisimka. Ilibaki sehemu ndogo tu ya mwisho. Nikaogopa, nikasema moyoni, usiharibu, usiharibu, na hapo hapo nikaingia mapigo mawili kabla ya wakati.

Fundi mitambo akazima. Sauti yake ikatoka kwenye spika: "Nani huyo?"

Mwimbaji alivua vipokea sauti masikioni akavitupa kitini. Mimi nikainamia gitaa langu. Ndipo Mzee Salehe, aliyekuwa amekaa kwenye kona na gitaa lake la solo, akainua mkono taratibu.

"Ni mimi," akasema. "Mkono umeteleza. Samahani jamani, turudie."

Nani angemkemea Salehe? Jina lake ndilo lililokuwa linajaza kumbi. Tukarudia, mara ya tano ikakubali. Tulipotoka nje nilimfuata karibu na mti wa mkorosho alikokuwa anavuta hewa.

"Mzee, kwa nini umesema ni wewe?"

"Mimi wakinikasirikia, kesho nitakuwepo," akasema. "Wewe usingekuwepo." Kisha akacheka. "Na wewe ni Mpare. Ungefukuzwa ungetufungulia kesi hadi wajukuu."

Nilichukuliwa kuwa mpiga rithimu wa kudumu mwaka huo huo. Kwa miaka mingi nilikaa hatua mbili nyuma ya bega lake la kushoto. Kila nilichojua kuhusu solo nilikijua kwa kuangalia mkono wake. Alinifundisha kwamba kidole kisichopiga kina kazi kuliko kinachopiga, kwa sababu ndicho kinachozizima nyuzi zinazotaka kulia bila kuitwa. Alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo kila anapoingia, kidogo sana, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Watu hawakujua kwa nini gitaa lake lilikuwa na utulivu ule. Ni hiyo chelewa tu.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Simu zilikuwa zimeshaanza kuwa na kamera, kila mtu ukumbini kainua mkono anapiga video. Mzee Salehe alianza kuangusha vitu. Kikombe cha chai, funguo, kijiko. Aliniambia ganzi ilianzia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ikahamia cha pete. Hospitali walimwambia kuna mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kiwiko, na kwamba alikuwa amechelewa, wangeweza kumpasua lakini wasingeweza kumuahidi kupona. Hakupasuliwa. Alisema atapumzika utakapokwisha msimu. Kwenye mazoezi nilikuwa namwona anakwepa sehemu ngumu, anaziruka, anacheka kama mtu aliyesahau kwa makusudi. Nilijua.

Ziara ya kaskazini ilikuwa imeshatangazwa, Tanga, Korogwe, Same, Moshi, na picha yake iko kwenye kila bango. Wiki moja kabla ya safari, kiongozi wa bendi, Chande, aliniita nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Mzee Salehe alikuwa ameshakaa pale juu ya boksi la spika.

Chande alianza kuzunguka na maneno. Mzee akamkatiza.

"Mbonea," akaniambia, "vidole viwili vimekufa. Watu wamekwisha kuambiwa nakuja. Nataka unipigie."

"Nikupigie vipi, mzee?"

"Mimi nitasimama mbele. Wewe utakaa nyuma pale karibu na dramu. Waya wako na wangu zitaingia amplifaya moja, ila gitaa langu nitalizima sauti."

Chande akasema, "Ni ziara hii moja tu. Rithimu tumempata deiwaka."

Nilitaka kukataa. Niliona mbele yangu kila njia ambayo jambo lile lingeweza kuharibika. Lakini nilikumbuka studio, nikamtazama mzee, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema ndiyo.

Tulifanya mazoezi wawili siku nne. Kupiga noti zake halikuwa tatizo, nilikuwa nazijua kama jina langu. Tatizo lilikuwa ile chelewa. Mimi ni mtu wa kukimbia. Kila nilipoingia, vidole vyake vilikuwa bado viko hewani. "Unanitangulia," alikuwa akisema. "Vua viatu kwanza." Nikajifunza kumtazama bega. Likishuka, naingia.

Tanga ilipita salama. Nilipomaliza onyesho lile nilikuwa nimepungua, nadhani, kilo mbili, na taya ziliniuma kwa kuyabana meno. Watu walikuwa wanamshika Mzee Salehe mkono na kumwambia hajazeeka hata kidogo. Alikuwa anaitikia, "Alhamdulillahi," na kugeuka haraka.

Korogwe ndiko nilikokiona kifo. Katikati ya sebene, pale magitaa yanapochezesha watu, uzi wangu wa kwanza ukakatika. Sauti ya solo ikakatika nayo, huku vidole vya mzee pale mbele vinaendelea kukimbia juu ya gitaa zima kabisa. Yeye hakugeuka hata nyuma. Palepale alikunja uso, akaliinua gitaa lake karibu na macho, akaanza kukagua nyuzi moja moja kama fundi saa, akatikisa kichwa, akawaonyesha watu ishara ya kuomba subira. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Nilibadilisha uzi chini ya kiti, mpiga dramu akanishikia ncha. Baadaye kwenye basi tulicheka hadi machozi, lakini mimi nilikuwa nacheka kama mtu aliyeponea ajali.

Na bado ilikuwa Same. Same ilinitisha kuliko miji yote, kwa sababu Nakijwa angekuja.

Dada aliolewa kijiji cha Mamba, huko milimani, analima tangawizi hadi leo. Hakuwahi kuniona nikipiga na bendi ile. Alikuwa amenipigia simu mara tatu: anashuka na gari la tangawizi, anakuja na majirani, amewaambia wote kwamba mdogo wake yumo. Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye uwanja wa ndani wa baa moja kando ya barabara kuu. Upepo ulikuwa unavuma vumbi hadi kwenye maikrofoni. Mzee Salehe aliniona nimekaa nyuma ya jukwaa, nimeinamisha kichwa kati ya magoti.

"Leo una nini?"

"Dada yangu yupo, mzee. Yeye anajua ninavyopiga."

"Basi mpigie yeye," akasema. "Wengine wanaangalia. Acha mmoja asikilize."

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Nilimwona Nakijwa mstari wa tatu, kafunga kitenge kipya, anatafuta kwa macho. Aliponiona kwenye kiti karibu na dramu, aliinua mkono. Kisha wimbo ulianza, na mkono ukashuka, na akainamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya kwaya. Hakuniangalia tena. Alikuwa ananisikiliza.

Wakati wa mapumziko alinikuta nyuma ya jukwaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbonea, mbona unampigia yule mzee?"

"Punguza sauti, dada."

"Sijapaza. Nakuuliza. Ile sauti ni yako. Kwenye wimbo wa pili ulikimbia mapigo, hakuna mwingine anayekimbia hivyo. Nilitaka kukupiga kofi."

Nilimshika mkono nikamsogeza pembeni, nikamweleza kwa kifupi. Alisikiliza, akasema tu, "Maskini. Na yeye amekubali?" Hakuwa ametoa siri. Lakini siri haikuhitaji mdomo wake ili itoke. Mwalimu mmoja wa sekondari, mpenzi mkubwa wa gitaa, alikuwa amekaa mbele kabisa na kumpiga mzee video ya karibu. Wakati wa mapumziko alikuwa anaipitisha meza kwa meza. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Hebu tazameni vidole hivi viwili. Havigusi kitu. Huyu anaigiza."

Nilikwenda kwa Chande, nikamwambia tusipande tena. Tuseme umeme una hitilafu, tuseme mzee anaumwa. Chande akasema watu wamejaa, tukiondoka sasa ndiyo tumekiri. Tukapanda.

Hatukumaliza hata wimbo mmoja. Sauti ikatoka upande wa ile meza: "Salehe peke yake!" Ikaitikiwa na nyingine. Dakika haikupita, uwanja mzima unaimba, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kushuku: "Salehe peke yake! Salehe peke yake!" Chande alimpa mpiga dramu ishara aanze wimbo mwingine. Mzee Salehe akainua mkono, akamzuia. Akageuka, akaja hadi kwenye kiti changu, akainama.

"Chomoa waya wako."

"Mzee, usifanye hivyo. Nakuomba."

"Chomoa, mwanangu. Nitapiga."

Akarudi mbele. Na mimi, vijana wangu, sikuchomoa. Nilizungusha tu kitufe cha sauti hadi chini, vidole nikaviacha palepale juu ya nyuzi. Nilijiambia ni kwa tahadhari.

Aliwasha gitaa lake. Akaanza ule wimbo wetu mkubwa, ule uliomjengea jina, lakini polepole, nusu ya mwendo wake. Alikuwa anapiga kwa vidole viwili, na dole gumba amelipitisha juu ya shingo ya gitaa kuchukua zile noti za chini. Alikuwa ameufanyia mazoezi peke yake, niliona mara moja. Mstari wa kwanza ulitoka safi. Uwanja ukanyamaza hadi nikasikia malori yanavyobadilisha gia barabarani. Mstari wa pili ukatoka, una kovu kidogo, lakini ukatoka. Wa tatu uzi ukakoroma. Akarudia. Ukakoroma tena. Kuna mtu alicheka upande wa kulia.

Sikufikiri. Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri. Nilifungua sauti, nikaupiga mstari ule wa tatu vizuri kabisa, kwa mwendo wake wa zamani, juu ya mkono wake.

Watu walilipuka. Walisimama juu ya viti. Walidhani mzee alikuwa anawachezea tu, kwamba alianza polepole na kukosea ili awakomoe waliomshuku. Mzee Salehe aligeuka kunitazama. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye nyuzi, haufanyi kitu. Hakukunja uso. Alinitazama kiasi cha pumzi mbili, kisha akageukia watu, akashusha bega, na tukaumaliza wimbo kama Tanga, kama Korogwe, mimi napiga na yeye anasogeza vidole.

Onyesho lilipokwisha, yule mwalimu alikuja na simu yake, akamfutia video mbele ya macho yake.

"Nisamehe mzee," akasema. "Nilikushuku vibaya."

"Hukukosea kitu, mwalimu," Mzee Salehe akamjibu, akampa mkono wa kulia, akaenda kukaa kwenye basi.

Nilidhani nimemwokoa. Nakijwa alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, majirani zake wanashangilia, yeye hashangilii. Nilimwendea nikitegemea atanisifu. Alinipangusa vumbi begani.

"Alikuwa anapiga," akasema. "Mbonea, mtu alikuwa anapiga."

Kesho yake asubuhi tuliondoka kwenda Moshi. Nilikaa na Mzee Salehe kiti kimoja. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge nikasema, "Walikuwa wanakucheka, mzee. Nisingeweza kuvumilia."

"Alicheka mmoja. Nilimsikia." Alikuwa anausugua mkono wa kushoto kwa wa kulia, kama kawaida yake siku hizo. "Nimeanza kuchekwa na watu jukwaani wewe hujazaliwa. Ungeniacha, labda ningekwama. Labda ningetafuta njia nyingine. Sasa hatutajua."

"Niliogopa kwa ajili yako."

"Hapana," akasema bila ukali. "Mimi sikuwa naogopa. Uliogopa wewe, kwa ajili yako."

Ni miaka mingi sasa, na maneno hayo bado nayasikia.

Moshi alipiga, maana yake nilipiga mimi, na onyesho lilipokwisha akamwambia Chande kwamba anarudi kwao Muheza. Asubuhi alipanda basi la Tanga na begi dogo. Gitaa lake la jukwaani na lile la mazoezi aliyaacha kwenye basi letu, juu ya kiti chake. Mimi nikapewa nafasi ya solo. Hicho ndicho nilichokuwa nimekiota tangu Vudee, na nilipokipata nilikaa miezi minne silali sawasawa. Kila nilipoingia kwenye sehemu zake nilisubiri bega ambalo halipo. Nilianza tena kukimbia mapigo. Watu hawakugundua, au waligundua wakanyamaza. Lile jicho lake la pumzi mbili ndilo nililokuwa nalipigia kila mara.

Mwezi wa tano niliomba ruhusa, nikaenda kwanza kwetu Vudee. Nililichukua gitaa lake la mazoezi na langu, yale mepesi yasiyohitaji umeme, nikapanda basi hadi Muheza. Nilimkuta nyumbani kwake asubuhi, kakaa barazani kwenye mkeka, mkewe Bi Amina kakaa kigoda anachambua mchele kwenye ungo. Msimu wa machungwa ulikuwa unaanza, kulikuwa na viroba vimeegemezwa ukutani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu mkeka."

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Hedaru. Nilipofika Mombo nilikuwa nimeyabadilisha mara tatu. Nilipokaa yakapotea yote. Yeye aliyaona magitaa mawili, akanitazama.

"Umekuja kuomba radhi au kupiga?"

"Vyote, mzee."

"Basi tuanze na kupiga. Radhi ni maneno tu."

Akalichukua gitaa lake, akalipapasa shingo, akalisawazisha polepole kwa sikio. Ilichukua muda, mkono wa kushoto ulikuwa umekonda, na kile kidole kidogo kimejikunja ndani kama cha mtoto aliyelala. Kisha akaanza ule ule wimbo, kwa ule ule mwendo wa nusu. Nikamwekea rithimu.

Sijawahi kupata kazi ngumu kama ile. Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ukatoka. Ulipokaribia wa tatu, vidole vyangu vyote vilitaka kuruka kwenda kumpokea. Nikaving'ang'aniza kwenye rithimu. Uzi ukakoroma. Akasimama, akarudi nyuma kidogo. Ukakoroma tena. Nikaendelea na mapigo yale yale, siongezi, sipunguzi, natazama mkeka. Mara ya tatu aliiacha ile njia ya zamani kabisa, akashuka kwenye nyuzi nene, akaitafuta sauti ile huko chini, akakosea, akakosea tena, akaipata. Haikuwa ile ya kwenye rekodi. Ilikuwa nzito na fupi, na ilikuwa mahali pake. Akaingia mstari wa nne, amechelewa kidogo, kama zamani.

Bi Amina alikuwa amemsikia mumewe akipiga nyumbani miaka yote. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Aliokota punje moja ya mchanga, akaitupa uani, akauliza, "Mbona leo unakosea kosea hivyo, baba Mwanaidi?"

"Leo napiga mwenyewe," akasema Mzee Salehe, wala hakusimamisha mkono.